Kulipima wazo kabla hujalitii

Saa moja asubuhi, Makorora, Tanga. Mama muuza vitumbua yuko barazani na karai lake. Jirani yake wa siku zote anapita upande wa pili wa barabara, hasalimu wala hageuki. Papo hapo mama anasikia kifua kimembana na uso umemwaka. Ukimwuliza kimemuumiza nini, atakwambia, "Kanipita kama hanijui." Lakini baina ya kupita kwa jirani na ule moto wa usoni kuna kitu cha tatu, kimekwenda mbio hata mwenyewe hakukiona: "Ananidharau huyu. Jana kwenye kikoba watakuwa wamenisema." Hilo ndilo lililomchoma. Lingemjia jingine, kwamba mtoto wa jirani anaumwa na mama yake anakimbilia hospitali ya Bombo, asubuhi ile ile angesikia huruma, na pengine angemwita amuulize hali.

Tazama yanayofuata. Kesho yake mama naye hasalimu. Siku ya tatu anakaa akimpa mgongo. Jirani, ambaye siku ile hakumwona kabisa, anaona amenuniwa bila kosa, naye anaanza kununua vitumbua kwingine. "Si nilisema?" anasema mama. Wazo halikuwa na shahidi hata mmoja siku ya kwanza. Siku ya tatu limeshajitengenezea shahidi kwa mikono ya mwenye wazo. Huo ndio mzunguko wenyewe: tukio, wazo, hisia, kitendo, na kitendo kinarudi kulishibisha wazo. Hisia huwezi kuiamuru ikome. Kitendo na wazo unaweza kuvishika, na kazi yote iliyoelezwa hapa iko kwenye hivyo viwili.

Elimu hii ni ya zamani. Mwanafalsafa Epictetus, aliyezaliwa mtumwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alifundisha karibu miaka 1,900 iliyopita kwamba watu hawasumbuliwi na mambo yenyewe bali na hukumu wanazoyapa mambo hayo. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia Albert Ellis wa New York aliifanya hoja hiyo kuwa tiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck, huko Philadelphia, alibaini kuwa wagonjwa wake wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, walipitiwa na mawazo mafupi mafupi yanayokuja bila kuitwa, nao wakiyapokea bila kuyahoji. Na Kiswahili nacho kimeshauona uhusiano huu zamani: mtu akikonda, akakosa usingizi na hamu ya kula, hatusemi ana huzuni, tunasema "ana mawazo".

Unachohitaji

Daftari la mistari, kalamu, na dakika 15 kila siku kwa majuma manne. Simu inafaa kuandikia haraka uwapo kazini, ila jioni hamishia daftarini, kwa sababu ukurasa mmoja unakuonesha siku saba kwa jicho moja, na ni kwa kuziona pamoja ndipo unagundua kuwa wazo ni lile lile linalobadilisha kanzu. Weka daftari mahali pasipofikiwa na watu wa nyumbani. Ukijua litasomwa utaandika ya kuwapendeza wasomaji.

Juma la kwanza: andika tu

Siku saba za mwanzo usibadilishe chochote. Chora safu nne: tukio, hisia, wazo, nilichofanya. Andika mara moja au mbili kwa siku, kila unapoona moyo umebadilika ghafla. Mabadiliko ya ghafla ndiyo alama kwamba wazo limepita. Ya yule mama ingekuwa hivi:

Tukio: Jumanne saa 1 asubuhi. Jirani kapita upande wa pili, hakusalimu.
Hisia: fedheha 80, hasira 60. Uso moto, kifua kimebana.
Wazo: "Ananidharau." Naliamini 90.
Nilichofanya: nilijifanya nahesabu chenji. Kesho yake sikumsalimu.

Namba ni kati ya 0 na 100. Usihangaike kama ni 75 au 80, kadiria tu. Zina kazi moja, kukuonesha baadaye kama kitu kimesogea.

Safu ya tukio ndiyo inayoharibiwa kuliko zote, na ikiharibika hakuna kitakachonyooka mbele. "Jirani alinidharau" si tukio, ni hukumu. Jiulize: simu ya mtu ingerekodi pale, ingeonesha nini? Ingeonesha mtu anatembea. Dharau hairekodiwi.

La pili ni neno "nahisi", ambalo kwetu linabeba mizigo miwili. "Nahisi ananisema" si hisia hata kidogo, ni wazo lililovaa nguo za hisia. Hisia hukaa katika neno moja: hofu, hasira, huzuni, aibu, fedheha, wivu, hatia, kinyongo, uchungu, upweke. Ukiona baada ya "nahisi" kumefuata sentensi nzima yenye mtendaji na kitendo, ihamishie safu ya wazo. Kisha tafuta neno lenyewe. Wengi wetu tuna maneno mawili tu, "nimeumia" na "nimekasirika", na yote tunayatia humo. Chimba zaidi. Hasira na fedheha zinafanana usoni, lakini hasira inatokana na wazo "kanionea" na fedheha inatokana na "wameniona duni". Dawa zake si moja. Wanaume hasa wachunguze hapa, maana mara nyingi kinachoandikwa hasira 90 chini yake kina hofu 70 isiyoruhusiwa kutajwa.

Na wazo lenyewe ukilikosa? Mwanzoni litakuponyoka. Usiulize "nilifikiri nini?", uliza "nini kilipita kichwani sekunde ile kabla moyo haujabadilika?" Pengine si maneno, ni picha: unajiona umesimama mbele ya watu wanacheka. Andika picha. Likiwa ni swali, kama "kwa nini hapokei simu?", ligeuze liwe kauli, kwa kuwa swali halipimiki. Kauli iliyo chini yake huenda ni "Hapokei kwa sababu kanichoka." Likionekana jepesi mno kuliko uzito wa hisia, shuka nalo: "Na kama ni kweli, maana yake nini kwangu?" Kwa mfano: hakunisalimu, maana yake ananidharau, maana yake watu wa mtaa wameniacha, maana yake mimi si mtu wa kuhesabika. Hilo la chini kabisa ndilo lenye moto. Hatua tatu au nne zinatosha.

Moyo ukiwa juu ya 80 usishike kalamu. Wakati huo mwili umejiandaa kupigana au kukimbia, na utaandika mashitaka matupu. Kaa, vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe taratibu kwa hesabu ya 6, dakika tatu mpaka tano. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, hiyo ndiyo inayotuliza mapigo ya moyo. Tembea kidogo, kunywa maji, kisha andika siku hiyo hiyo. Ukingoja kesho utaandika kumbukumbu iliyokwisha pambwa.

Juma la pili: muite shahidi

Chagua wazo moja kwa siku, lile lenye hisia kubwa. Gawa ukurasa mara mbili: yanayolithibitisha, yanayolipinga. Kanuni ni ya mahakamani: ushahidi wa macho na masikio yako mwenyewe, si uvumi, si "najua tu". "Nilisikia moyo unaniambia" haipokelewi. Moyo ndiye mshitaki, hawezi tena kuwa shahidi.

Anza na upande unaothibitisha, uandike kwa haki. Watu wengi wanauruka kwa sababu wanataka kupata nafuu upesi, kisha wazo linarudi usiku na ushahidi ule ule usiosikilizwa. Halafu upande wa pili, ukisaidiwa na maswali haya:

Kuna maelezo gani mengine matatu yanayoweza kueleza tukio hili? Matatu kweli, hata kama la tatu unalivuta kwa nguvu.
Mdogo wangu angenijia na wazo hili, ningemwambia nini?
Mwezi mzima uliopita unasema nini, si dakika ile tu?

Mama wa vitumbua akipekua mwezi atakuta jirani amesalimu kila siku, na juzi alichukua vitumbua 10 kwa ajili ya wageni. Sasa andika wazo la haki: "Sijui kwa nini hakusalimu leo. Mwezi wote kanisalimu. Kesho nitaanza mimi kumsalimu nione." Pima tena hisia. Ikishuka kutoka 80 hadi 50, umefanya kazi nzuri. Anayetafuta 0 ataacha daftari baada ya siku tatu.

Wazo la haki si wazo tamu. "Kila mtu ananipenda" na "yote yatakuwa sawa" hazifai, kwa sababu wewe mwenyewe huziamini, na moyo haudanganyiki kwa sukari. Wazo la haki lazima uliamini angalau kwa 60. Likiwa chini ya hapo, lipunguze mpaka liwe kweli.

Utakuta makosa yanajirudia: kuona doa moja kwenye shuka nzima, kuhesabu yote au sifuri, kujibandika jina, "mimi mkosi", kwa kosa la siku moja, kuichukua hofu kuwa ndiyo dalili ya hatari. Kuna orodha ndefu kuliko hii, na sioni faida ya kuzikariri. Mawili tu yashike, maana ndiyo yanayovunja ujirani, ndoa na biashara: kusoma moyo wa mtu mwingine, na kupiga ramli ya mabaya yajayo. La kwanza dawa yake ni kuuliza. La pili ni kujaribu.

Juma la tatu na la nne: jaribio

Hapa ndipo wengi wanapoishia njiani. Wamejaza daftari vizuri, wamejieleza vizuri, na maisha yao ni yale yale. Karatasi hupunguza nguvu za wazo, kitendo ndicho kinacholing'oa.

Chukua fundi cherehani wa Ngamiani wakati wa kuelekea Idi. Vitambaa vimerundikana, amechelewa, na wazo ni hili: "Nikimpigia mteja kumwambia bado, atanitukana na kuchukua kitambaa chake." Anazima simu. Akizima, kifua kinalegea mara moja, na hiyo nafuu ndiyo mtego, kwa kuwa mwili hujifunza kurudia kilichoulipa papo hapo. Mteja naye, asiyepata jibu siku nne, anakuja amevimba na kufoka mbele ya watu. Wazo limethibitishwa tena, na kesho simu itazimwa mapema zaidi.

Jaribio lake linakwenda hivi.

Kwanza utabiri unaoweza kushindwa. "Mambo yatakuwa mabaya" hauwezi kushindwa, kila kitu kitaonekana kibaya ukitaka. Aandike: "Nikiwapigia wateja 5, wasiopungua 4 watanifokea na 2 watachukua vitambaa. Naamini 80."

Pili, ukubwa. Asianze na yule anayemtia hofu ya 90. Aorodheshe wateja kwa hofu yao, aanze na wa 30 au 40, apande taratibu. Hofu ikiwa chini ya 20 jaribio halifundishi kitu. Ikiwa 90 atakimbia katikati, na kukimbia katikati kunaishibisha hofu kuliko kutojaribu kabisa.

Tatu, atupe magongo. Magongo ni vijitendo tunavyojificha nyuma yake: kumtuma mwanafunzi apige simu, kusema haraka haraka na kukata, kudanganya kwamba "nguo tayari, bado kupiga pasi tu". Akiongea salama kwa msaada wa gongo, atasema gongo ndilo lililomwokoa, na hofu itabaki pale pale. Gongo ndiyo sababu kubwa ya majaribio kutozaa matunda, na mara nyingi mwenyewe halioni. Jiulize: ni kitu gani ningeogopa kukiacha nyumbani?

Nne, siku na saa. "Jumatano saa 4 asubuhi, kabla sijakaa kwenye cherehani." Bila saa, jaribio litakuwa la kesho siku zote.

Tano, aandike matokeo ndani ya saa ile ile, kwa maneno yaliyosemwa, si kwa namna alivyojisikia. Tuseme mmoja kafoka, watatu wameuliza "basi lini?", mmoja hakupokea, na hakuna aliyechukua kitambaa. Hata huyo aliyefoka ni somo. Fundi amesikia ukali aliokuwa anauogopa, na bado amebaki na kazi yake.

Sita, arudie mara tatu mpaka tano. Mara ya kwanza moyo utasema "bahati tu". Na utabiri ukitimia? Basi umepata habari ya kweli, nayo ina thamani: labda ahadi za siku zinatolewa bila hesabu, na tatizo linahitaji kalenda ya kazi.

Usipime ushindi kwa kukosa hofu. Hofu itakuwepo, mikono itatoka jasho. Swali ni moja tu: nilichotabiri kilitokea au hakikutokea?

Mtu aliyezama kwenye huzuni anahitaji namna nyingine ya jaribio. Wazo lake ni "nikipata nguvu nitatoka". Nguvu haziji, kwa sababu kulala ndani kunaziondoa zaidi. Geuza utaratibu, mwili utangulie. Kila siku panga vitu vitatu vya dakika 20: kimoja cha lazima, kimoja cha kuwa na watu, kimoja cha kukufurahisha zamani. Kufua nguo tatu. Kukaa kwenye baraza la kahawa hata kama huongei. Kupanda baiskeli alasiri mpaka Raskazone ukapigwe na upepo wa bahari. Kabla ya kila kimoja andika unatarajia raha kiasi gani kati ya 0 na 10, na ukimaliza andika uliyopata. Ukatabiri 1 ukapata 3, hiyo 3 ndiyo ushahidi. Usiidharau kwa kuwa si 8.

Wazo likiwa kweli

"Ijumaa nina marejesho na sina hela." Mtu mwenye mkopo wa kausha damu haambiwi ageuze mtazamo. Kumwambia hivyo ni kumwonea. Wazo limepimwa, limekutwa kweli, sasa linaombwa mpango. Zimbabwe hali ya kulemewa na mawazo kama haya wanaiita kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Tangu 2006, mjini Harare, mabibi waliofunzwa wanakaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionesha dalili za waliohudumiwa zilipungua. Wanachofanya kinawezekana kwenye baraza lolote la Tanga: wanamwacha mtu amwage yote, anachagua tatizo moja tu, anatafuta njia kadhaa bila kuzihukumu, anachagua moja, anatoka na hatua ndogo yenye siku yake, na anarudi kueleza. Kwa mwenye deni hatua inaweza kuwa kuandika madeni yote kwa tarehe, au kwenda Jumatano kuomba kugawiwa marejesho kabla Ijumaa haijafika. Msaidizi asimchagulie. Tatizo la kuchaguliwa hutatuliwa na aliyelichagua.

Kuna mawazo ya kweli yasiyo na mpango, kama msiba. Hayo hayapimwi wala hayajaribiwi. Yanataka watu wa kukaa nawe, na muda.

Usiku

Usijilazimishe kutofikiri. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake huko Marekani waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na dubu akawa hawatoki kichwani. Badala yake lipe wazo miadi. Tenga dakika 20 kabla ya magharibi, kwenye kiti kimoja, kamwe si kitandani. Andika kila linalokukera, weka alama kwenye yale unayoweza kuyatendea jambo kesho, na uandike jambo lenyewe. Likija saa 8 usiku, liandike kwa maneno matatu na uliambie "saa 11 jioni". Siku tatu nne za mwanzo halitakusikia. Endelea. Ukikaa macho zaidi ya dakika 20 hivi, toka kitandani, kaa gizani au penye mwanga hafifu mpaka usingizi urudi, ili kitanda kisigeuke kiti cha mahakama. Dua na adhkari za kulala hazigombani na hili hata kidogo.

Yasiyo ya daftari

Daftari peke yake halitoshi pale huzuni au kukosa hamu kunapokaa karibu kila siku kwa majuma mawili na zaidi, mtu hali wala halali, au amejifungua karibuni na hamtaki mtoto. Vivyo hivyo anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Na wazo la kujiua halipimwi na wala halingoji juma la nne: usimwache mwenye wazo hilo peke yake, ondoa kamba, dawa za wadudu na vidonge vilivyomo nyumbani, muulize waziwazi kama anafikiria kufa, kwani kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, na mpeleke siku hiyo hiyo. Mwenye hatari ya haraka apelekwe moja kwa moja hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo. Wengine wanaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu na kuomba rufaa. Ukifika usiseme tu "kichwa kinauma" au "sijisikii vizuri", maana utapewa dawa ya maumivu na kurudishwa. Sema nina huzuni, tangu lini, nalala kwa saa ngapi, na kama nafikiria kufa. Ukiona haya kuyasema dirishani mbele ya foleni, yaandike usiku kwenye ukurasa wa daftari, uuchane, umkabidhi daktari mkononi.